Jaribio la Kumi

...na kikohozi kile kikaja tena kutoka barazani, kikavu, mara mbili, kimya kidogo, halafu mara ya tatu, na kabla akili ya Tusekile haijasema lolote mkono wake ulikuwa umeshapanda kichwani, umeshashika upindo wa kitenge, umeshauvuta mpaka kwenye nyusi, maana mkono una miaka kumi na sita unafanya kazi hiyo, mkwe akikohoa unafunika, hauulizi, hauchelewi, na alikuwa bado ameinama hivyo, anatazama vidole vyake ndani ya kandambili zilizolowa matope, ndipo neno lenyewe likamjia, likaingia bila hodi na kukaa, Yesu wangu, ndilo hilo, ndilo hilo mume wangu Prosper alilofungia flashi, siku nne nzima analitafuta mpaka uvunguni kumbe liko nje pale, limekaa kwenye benchi, limevaa koti na gambuti... "Mama Tulia," Khalidi mwenye duka anasema, vidole vyake vimening'inia juu ya kibodi, "tumeshakosea mara tisa, imebaki moja, tukikosea na hii flashi inajifuta yote, haibakizi kitu, kwa hiyo fikiri taratibu dada yangu, usiharakishwe na mtu," na mtu mwenyewe wa kuharakisha yuko nyuma ya kiti, Jackson, kaka mkubwa wa marehemu, daftari la ukoo limefunguka kiganjani, kalamu anaigonga kwenye meno, tak, tak, tak, "nani anamharakisha, shemeji mwenyewe anajua saa sita haimsubiri mtu," saa sita!, sasa ni tano na nusu na mvua inapiga bati la duka tangu alfajiri, mvua ya Tukuyu haijui kuchoka, na saa sita kamili watu wa parachichi watakuwa Kawetele na kamba zao za kupimia, Jackson kawaita mwenyewe, kawaahidi kuwauzia shamba lote kuanzia barabarani mpaka kijitoni pamoja na nyumba ya matofali anayolala Tusekile na binti yake, halafu anasimama mbele ya kikao cha ukoo na kusema flashi ikifunguka tutaona kilichomo, isipofunguka shamba linarudi kwa ukoo, mimi sina ugomvi na mtu, sina ugomvi na mtu, hee!, mtu asiye na ugomvi anapimisha shamba la mjane wakati udongo wa kaburi la mdogo wake haujakaa sawa, wiki tatu tu, wiki tatu na siku mbili, hata mikeka ya wafiwa waliyoazima haijarudishwa yote.

Na kilichomo humo anakijua, alikuwepo, yaani alikuwepo na hakuwepo, alikuwa nyuma ya migomba ameshika mwavuli wa Prosper, na mzee, mkwe wake, amesimama katikati ya chai anaonyesha mipaka kwa fimbo, na Prosper anamrekodi kwa simu, kutoka kwenye jiwe hili, mzee anasema, mpaka kijitoni, mpaka kwenye mparachichi wa mama yenu, hapa nimempa Prosper na mkewe na watoto wao, Jackson nilishampa lake Masukulu na akaliuza mwenyewe, mtu asije akawafukuza hapa, halafu akarudia, na mkewe, nimesema na mkewe, na fimbo ikainuka ikaelekea kwenye migomba kidogo ikashuka, hakumtazama, mkwe hamtazami mke wa mwanawe, lakini fimbo ilimwona, dakika nne za video, basi, ndiyo hati yao hiyo, karatasi hakuna, mashahidi hakuna, na mzee mwenyewe leo ukimuuliza shamba la Kawetele atakuuliza Kawetele ndiyo wapi, tangu mwaka jana kichwa chake kimeanza kuondoka polepole, asubuhi hii ameuliza mara tatu Prosper yuko wapi mbona haji kuninyoa, na mara zote tatu ikabidi aambiwe upya, na mara zote tatu akalia upya, Tusekile alimsikia kutoka nyuma ya nyumba akaziba masikio... "Shemeji," Jackson anasema, "tunakungoja wewe." Mnaningoja mimi, ndiyo, mnaningoja.

Simu ilijaa, ndiyo maana video ikahamia kwenye flashi, na flashi hiyo Jackson alikuwa haishi kuiazima, anajaza nyimbo za kusikiliza kwenye gari, ikijaa anafuta asichokijua, ndivyo zilivyokwenda na maji picha zote za kipaimara cha Tulia, gauni jeupe lile, hata moja haikubaki, na Prosper hakupiga kelele, Prosper hakuwa mtu wa kelele, aliichukua flashi akaja nayo hapa hapa Bulyaga, kaka Khalidi niwekee paswedi, na iwe ile kali, ya mara kumi, na Khalidi akampisha kwenye kiti na kugeuza uso ukutani, mtu wa adabu Khalidi, na Prosper akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, akarudi nyumbani jioni anacheka peke yake mlangoni, Tusekile anapukuchua maharage, nimeweka neno ambalo wewe huwezi kulitaja hata nikufinye, neno gani hilo, hata ukilewa, hata ukiota ndoto mbaya, Prosper, neno gani, siku ukilihitaji utalijua tu, na akaokota haragwe akamtupia kifuani, na yeye akaona haya, maana akaelewa ni tusi, wanaume na michezo yao, akaelewa mume wake kafungia mambo ya maana kwa tusi, na hakuuliza tena, aibu ilimnyamazisha, na kifua kilipomshika Prosper mwezi uliopita hakuna aliyekumbuka flashi, walikumbuka dripu, walikumbuka uji, siku ya nne hakuna tena wa kuuliza.

Na lile tusi, Mungu amsamehe, jana kamwandikia Khalidi kwenye kipande cha karatasi, mwanamke mzima, mama wa kanisa, kaandika tusi zima zima na kulikunja mara nne, Khalidi akalikunjua, akakohoa, masikio yakamwiva, akaliandika bila kumtazama usoni, likakataa, akawa amejivua nguo bure, na hilo lilikuwa la nane, maana manne ya kwanza Jackson alikuwa kayala peke yake, timu yake ya mpira, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, na mwaka wa ubingwa, na bila mwaka, kana kwamba Prosper aliwahi kushabikia timu hiyo, halafu jina la Tulia, halafu namba ya simu, halafu jina la ukoo, na la tisa lilikuwa Tusekile, alilitaja mwenyewe asubuhi hii, alikuwa na hakika, labda alimaanisha mimi, mtu huona haya kujitaja, na kile kiboksi cheupe kikatikisika kikajifuta kikabaki kitupu, na Jackson akacheka puani, "kumbe hata wewe hakukuweka," na akasema kuanzia sasa hakuna vikaratasi, hakuna kunong'ona, safari hii neno litajwe kwa mdomo, wote tusikie, liingie kwenye daftari la ukoo, kusije kuwa na maneno baadaye.

Kwa mdomo! Na sasa analo, lipo nyuma ya meno yake hapa, na hawezi kulitoa, ingekuwa bora asingelijua, asiyejua hulala, anayejua ndiye anayekaangwa... "Khalidi, nitolee kopi mbili za kitambulisho," mama mmoja anasema kutoka mlangoni, anakung'uta mwavuli, Khalidi anamwambia ngoja kidogo mama kuna shughuli hapa, na mama yule anaangalia shughuli yenyewe, mjane mwenye kitenge cheusi, mwanamume mwenye daftari, na shangazi Felista kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, dada wa mzee, kamleta mzee huku kwa sababu hakuna tena wa kumwacha naye, akiachwa anatembea, juzi wamemkuta karibu na soko amevaa gambuti moja, kwa hiyo kakaa naye mlango mmoja, yeye ndani mzee nje, na Tusekile ilibidi apitie uani kwa jirani, aruke tope la bafuni, aingie kwa mlango wa nyuma ili asipite mbele ya benchi lile, kwa sababu shangazi Felista yupo na shangazi Felista ndiye aliyemfundisha, wiki ya harusi, kwenye chumba chenye moshi, huyu ni baba wa mumeo, humtazami, huli naye, ukikutana naye njiani unaacha njia unaingia majanini unachuchumaa mpaka apite, na jina lake hulitaji, si kwa mdomo, si kwa kalamu, sio ukiwa na hasira, sio ukiwa na homa, ukilitaja umemvua nguo mbele za watu, umeelewa gwe, wewe mwali, nimeelewa, sema tena, nimeelewa shangazi. Na alielewa kweli, mama yake mzazi hakuwahi kulitaja la mkwe wake mpaka anaingia kaburini, wasichana wa mjini siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na wanapiga nao picha, haya, Mungu awabariki, yeye alilelewa Masukulu na Masukulu ilikaa ndani ya mifupa.

Akajaza fomu za Tulia shule ya msingi, Tulia, Prosper, na sehemu ya jina la tatu akaacha wazi, mwalimu akamwuliza mama hujui jina la babu wa mtoto, akasema baba yake atakuja kulijaza, na Tulia alipojifunza kuandika akaja na daftari, mama soma, jina langu lote, na yeye akasoma Tulia, akasoma Prosper, akasimama, soma na hili mama, hilo soma wewe mwanangu nikusikie, na mtoto akalisoma kwa kelele na mama akatazama pembeni kama mtu aliyepita mlango wa bafu ukiwa wazi, na kanisani, wakiimba wimbo ule wa Kinyakyusa wenye neno la baraka, neno lililozaa jina la mzee, yeye hufumba mdomo hapo, ubeti mzima unapita na tundu moja katikati, miaka kumi na sita ya matundu, na juzi juzi hapa makaburini, msalaba wa Prosper umeandikwa majina mawili, amesimama mbele yake, mume wake, kipenzi chake, na hata msalaba wa mumewe ameweza kuusoma nusu.

Basi andika mwenyewe, mjinga wewe, bonyeza, lakini kibodi ya Khalidi siku hizi herufi zimefutika zote na nyingine inajirudia mara mbili, ni yeye tu anayeijua, na Tusekile mashine hajawahi kuigusa, kwenye jaribio la mwisho aiguse leo? Basi mnong'oneze, mjane wa wiki tatu aweke mdomo sikioni kwa mwanamume mbele ya shangazi Felista, ndiyo, kesho yake soko zima litakuwa limeshamwozesha, na Jackson kashakataza. Basi zunguka, ndivyo wanawake wanavyofanya, husemi jina, unasema babu yake fulani, unasema baba mwenye nyumba, sema tu ni jina la baba yenu, mwachie Jackson alitaje, yeye ni mwanawe, yeye hakukatazwa, na mdomo ukafunguka kabisa, ni jina la... na akamwona Jackson usoni, akamwona ameinama mbele kidogo kama paka kwenye tundu, na maneno yakarudi yenyewe chini. Kwa sababu mzee ana majina mawili. Hili la nyumbani, na Lukasi la ubatizo, na Lukasi hata yeye hulitaja, kaka yake wa tumbo moja ni Lukasi, walimruhusu hilo, na Prosper alisema huwezi kulitaja hata nikufinye, kwa hiyo Lukasi silo, lakini Khalidi hajui, Khalidi mzee wa Masukulu atamjulia wapi, watu wote siku hizi wanamwita Baba Jackson, na akisema jina la baba yenu Jackson atakuna kidevu, atasema kwa uso msafi kabisa, baba anaitwa Lukasi, andika Lukasi, na shangazi ataitikia, Lukasi, ndiyo, shangazi anayekula kwa Jackson na kulala kwa Jackson, na kiboksi kitatikisika, na dakika nne zile zitakwenda kulikokwenda gauni jeupe la Tulia, na wote watasema pole, bahati mbaya, tulijaribu, na saa sita watakuwa Kawetele na kamba. Hapana. Neno hili halipiti kwa mwingine, likipita kwa mwingine limekufa.

Ee Prosper, umenifanya nini, maneno yote yaliyopo duniani, maharage, mvua, Kiwira, yote ungeweza kuyafungia, ukaenda kuchagua hilo moja tu, umefunga mlango na kumpa ufunguo mtu asiye na mikono, au ndivyo ulivyotaka, na hapa wazo jingine likamjia, baya, la baridi, hadi akashika ukingo wa meza... au ulinifungia mimi? Kwa sababu Jackson analiweza, shangazi analiweza, mtoto analiweza, Khalidi akiambiwa analiweza, dunia nzima inaweza kulisema isipokuwa mke wako, sasa ulikuwa unamficha nani, kuna nini kingine humo, kuna picha za nani, ni kwa nani ulikuwa unakwenda Alhamisi unasema ni kikao cha chai, na likifunguka hapa, mbele ya daftari, mbele ya mama mwenye kitambulisho, kitoke kitoto ambacho sikukijua kinafanana na wewe, hapo nitaweka wapi uso... na akamkasirikia marehemu, akamkasirikia kweli kweli kama aliye hai, akataka amkute nyumbani amtupie sufuria la maharage zima, siyo haragwe moja, na machozi yakamjaa na hakuyafuta kwa sababu Jackson angeona kashinda.

"Basi tuseme shemeji hajui," Jackson anasema kwenye daftari, anaandika huku anasema, "tarehe, mbele ya mashahidi, ameulizwa, hajui," kalamu inakwaruza, na simu yake inaita mfukoni, "ee bosi, ndiyo, njooni tu, njia ya Kawetele ina tope lakini gari linapita, nyumba? nyumba itabomolewa, msijali," nyumba itabomolewa, kalisema hivyo kama mtu anayeagiza soda, na shangazi Felista akatazama sakafu, walau hilo, walau alitazama sakafu.

Hata ukilewa. Hata ukiota. Likarudi tena, sauti ya Prosper mlangoni, na kicheko kile, na sasa akakisikia kicheko vizuri, hakikuwa kicheko cha mtu mwenye siri, alikijua hicho kingine, cha mtu mwenye siri, Prosper alikuwa hawezi kuficha hata zawadi ya Krismasi, kilikuwa kicheko cha mtu anayejisifia mke wake. Alikuwa anajisifu. Alikaa kwenye kiti hiki cha kuzunguka akajiuliza ni neno gani halitamponyoka mtu nyumbani kwangu, Tulia ana mdomo wa chiriku, lakini hilo Tulia hajui kama ni siri, na mama yake, mama yake ni sanduku, mama yake hata umchome moto, basi akaliweka kwangu kama mtu anavyoweka hela kwenye pindo la mkewe, na hakufikiria kwamba atakufa, mpumbavu wangu, mwanamume wa miaka arobaini na mbili anafikiria vipi kwamba atakufa, alifikiria siku ikifika atakuwepo alitaje yeye, mimi nitakuwa nyuma ya migomba nimeshika mwavuli kama siku zote. Wewe, mume wangu. Wewe wa kutupa maharage. Na hasira ikamtoka, ikamwacha amechoka tu na mtupu, na bado amefungwa pale pale, mvua juu, Jackson nyuma, kiboksi cheupe mbele na kile kistari kinachowaka na kuzima, kinawaka, kinazima.

Na mzee akakohoa tena. Kikohozi hicho ndicho sura yake, Tusekile hana sura nyingine ya mkwe wake, ana kikohozi, ana kisigino cha gambuti, ana fimbo, ana mgongo wa koti la kijani unaopotelea kwenye chai. Alipojifungua Tulia, mvua kama hii, siku ya pili alfajiri kikohozi mlangoni, mara mbili, kimya, mara ya tatu, na nyayo zinaondoka, na alipofungua akakuta mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando na juu yake jani la mgomba lisiingie maji, na mwaka aliougua yeye, wiki nzima kuni zilizopasuliwa zinajaa nyuma ya jiko usiku usiku, Prosper yuko safari, nani anapasua kuni, na siku alipompoteza yule wa pili, yule mvulana ambaye hakulia, watu walisema mengi, mama mkwe alisema yake, na nje ya ukuta wa nyumba yao ya zamani ya udongo, upande wa kichwa chake alipolala, kikohozi, na mtu akakaa pale mpaka jioni akivuta kiko, moshi unapenya kwenye ufa, yeye ndani anaulilia moshi huo, hawakuwahi kusemezana, hawajawahi mpaka leo hii, na hakuna mwanadamu aliyewahi kukaa naye muda mrefu namna ile... na sasa wewe ndiye nikuvue nguo, Tata, baba yangu? Wewe? Kwa kelele, maana kwa mvua hii nikinong'ona Khalidi hasikii, nilipaze kama muuza samaki, na wewe umekaa hatua tano kutoka hapa?

Lakini hata hapo, hata hapo wazo halikusimama, likaenda hatua moja mbele kama ng'ombe aliyeona uwazi kwenye uzio, nani anakuita siku hizi, Tata? Mkeo alikuwa akikuita, amekufa, ndugu zako waliokuwa wakikuita kijiweni wamekufa wote wawili, wanao wanakuita baba, wajukuu babu, jirani Baba Jackson, daktari mzee wangu, jana shangazi kakuambia wewe kaa hapo, wewe vaa viatu, wewe wewe wewe, hakuna hata mmoja duniani anayekuita, na unasahau, na nani asingesahau, mtu asiyeitwa na mtu, mimi peke yangu ndiye nimelibeba jina lako kila siku miaka kumi na sita, kila siku, kila wimbo, kila fomu, kulikwepa ni kulikumbuka, nimelikumbuka kuliko waliolisema, halijachakaa kwangu, lipo jipya kama lilivyokuwa kwenye chumba kile chenye moshi. Nimelitunza nikidhani nalificha usilisikie. Na ulisema na mkewe. Ulirudia, nimesema na mkewe, uliinua fimbo. Ulinitaja mimi, pale kwenye chai, wewe uliyekatazwa kunitazama, ulinitaja mara mbili mbele ya simu ya mwanao ili mtu asije akanifukuza, na mimi leo nitakaa hapa kwa heshima, nikuheshimu mpaka nyumba ibomolewe, nikuheshimu mpaka Jackson auze na jiwe la mpaka, heshima hiyo namfanyia nani, wewe au yeye?... kuku wa radhi nitamleta, jogoo mwekundu yule, nitamkabidhi kwa shangazi kama inavyotakiwa, na kama ni laana inishike mimi, isimguse Tulia, Kyala, Mungu wangu, unasikia, mimi tu.

"Shemeji," Jackson anasema, "nafunga daftari." Khalidi anageuza kichwa nusu, "Mama Tulia, tuache? Tukiiacha haijifuti, tunaweza..." "Hatuiachi," Jackson anasema, "kikao kilisema leo." Tusekile akaona mkono wake unashuka. Ulikuwa bado umeshika upindo wa kitenge, na sasa unashuka nao, kitenge kinarudi nyuma kwenye nywele, kinakaa mabegani, na upepo wa mlangoni ukamgusa kipaji cha uso, baridi, na shangazi Felista akainua macho kutoka sakafuni, akaona kichwa wazi, akaelewa kabla ya wote, "Gwe! Gwe Tusekile, hapana, usi..." na yeye akavuta pumzi mpaka chini, akapaza kuishinda mvua, akalitoa lote, bila tundu.

"Nsajigwa."

Kalamu ikasimama. Mama wa kitambulisho akageuka. Shangazi akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na Jackson akawa mweupe midomoni, na hapo Tusekile akajua kwamba ndilo, hahitaji mashine imwambie, na vidole vya Khalidi bado vilikuwa hewani, bado havijaelewa, na juu ya mlio wa mvua benchi la nje likalia, mti wa fimbo ukagonga saruji, na sauti ambayo tangu asubuhi ilikuwa ya mtoto aliyepotea ikaja mlangoni ikiwa sauti ya mtu mzima, ya mwenye shamba aliyeitwa kutoka ng'ambo ya kijito, "Naam! Nipo. Nani ananiita?"

Na Tusekile, bila kuinama, bila kuutafuta upindo, macho yake kwenye kile kistari kinachowaka na kuzima katika kiboksi ambacho hakina hata herufi moja bado, akaitika kwa mara ya kwanza katika maisha yake, "Mimi, Tata. Mke wa Prosper. Njoo ndani, huko nje unalowa."